Ua Lisilonyauka la Kilimanjaro: Ni Kipi Hasa Kisichonyauka?

Ukitoka asubuhi kambi ya Horombo katika mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ukashika njia ya kwenda Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, unaanza kupita katikati ya vichaka vya rangi ya kijivu vinavyofika magotini. Juu ya vichaka hivyo yamekaa maua meupe yenye kiini cha njano, makavu kiasi kwamba ukiyapitisha kidole yanachakacha kama karatasi. Anayepita hapo mara ya kwanza huuliza: haya yamekufa au yako hai? Mimi pia niliuliza. Kiongozi wetu, mwenyeji wa Marangu, alijibu bila kupunguza mwendo: "Hayo hayanyauki, kaka. Likidondoka leo, mwakani utalikuta lilivyo."

Alisema kweli. Ila ilinichukua muda mrefu kuelewa alichoniambia, kwa sababu kile kisichonyauka katika ua hili si ua, na kilicho hai katika mmea wake si kile kinachovuta macho.

Nianze na jina, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Kitaalamu hili ni ua la jenasi ya Helichrysum, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya jua na dhahabu. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 500, nyingi zikiwa Afrika Kusini. Kilimanjaro peke yake ina spishi kadhaa, na wasafiri huzichanganya zote kwa jina moja. Kuna Helichrysum citrispinum, kichaka chenye majani yanayochoma. Kuna Helichrysum meyeri-johannis, fupi, lenye rangi ya waridi inayopendeza sana linapokuwa bado halijafunguka. Na kuna Helichrysum newii, lenye majani ya rangi ya fedha, ambalo hupanda juu kuliko mengine yote na ndilo ninalotaka kulieleza zaidi.

Hilo newii linatokana na Charles New, mmisionari Mwingereza aliyekuwa na makao Ribe, karibu na Mombasa. Mwaka 1871 alifika kwenye theluji ya Kilimanjaro na kurudi na mimea iliyopelekwa kwenye bustani za Kew, London. Miaka 23 kabla ya hapo, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa ameandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, na baadhi ya wasomi wa Uingereza wakambishia hadharani. Mmea una faida moja ambayo maneno hayana: unaweza kuwekwa mezani. Lile la waridi nalo limebeba jina la Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. Mimea ya namna hiyo ilishushwa mlimani na kufikishwa pwani kwa vichwa na mabega ya wapagazi, lakini majina yaliyobaki kwenye maua ni ya New na Meyer.

Familia yake je? Ni ya alizeti, ambayo kitaalamu huitwa Asteraceae, mojawapo ya familia mbili kubwa kuliko zote za mimea yenye maua duniani. Hata kama hujawahi kukanyaga mlima, ndugu zake unawajua: alizeti ya Singida, pareto ya Mufindi na Nyandarua, letusi ya sokoni, artemisia ya kutengenezea dawa ya malaria, na kile kishona nguo kinachokung'ang'ania suruali ukikatiza shambani. Edelweiss la milima ya Alps, ambalo wageni kutoka Austria na Uswisi hudhani wameliona wanapofika Horombo, si ua hili, ila ni binamu yake wa karibu, kundi moja ndani ya familia hiyohiyo.

Hapa niseme jambo moja haraka, kwa kuwa nimeulizwa zaidi ya mara moja. Mafuta ya ngozi yanayouzwa madukani yakiwa na neno helichrysum kwenye chupa hutokana na spishi nyingine, Helichrysum italicum, inayoota kandokando ya Bahari ya Mediterania. Afrika Kusini nako, Wazulu na Waxhosa huchoma majani ya spishi nyingine kabisa, wanayoyaita imphepho, wanapozungumza na mizimu. Jina la jenasi likifanana haimaanishi dawa inafanana. Ua la Kilimanjaro liacheni mlimani. Isitoshe, liko ndani ya Hifadhi ya Taifa, na kuchuma mmea humo ni kosa.

Tuliangalie sasa kwa karibu. Pale Horombo niliokota kichwa kimoja kilichokuwa kimedondoka njiani, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti. Nilikipasua kwa kucha, nikakiweka kiganjani. Katikati mlikuwa na vitu vingi vidogo vya njano, vyembamba kama nyuzi, vimesimama bega kwa bega. Kila kimoja ni ua. Kila kimoja kina mrija wake mdogo, chavua yake, na chini yake kifuko ambamo mbegu hutengenezwa. Nilichokuwa nimekiita ua ni mkutano wa maua.

Kwa anayelima alizeti hili si jipya. Kila punje ya alizeti unayoibangua ni tunda la ua moja dogo, na kichwa kizima ni shamba la viua mamia kwa mamia. Zile ndimi za njano zinazozunguka kichwa cha alizeti nazo ni viua, vilivyorefuka upande mmoja ili kuita wadudu. Lakini geuza kichwa cha alizeti utazame nyuma. Utaona vijani vya kijani vilivyopangana kama vigae, vinavyokikumbatia kichwa kwa chini. Wanabotania huviita brakti. Kwenye alizeti hakuna anayevitazama. Kazi yake ni kukilinda kichwa kikiwa bado kichanga.

Ua lisilonyauka halina ndimi hata moja. Zile zinazoonekana kama petali nyeupe, zinazolipa sura ya ua, ni brakti hizo hizo: vigae vya nyuma ya alizeti vilivyorefushwa, vikakaushwa, vikang'arishwa. Mmea huu umechukua ganda la ulinzi ukalifanya pia kuwa tangazo.

Na hapo ndipo siri ya kutonyauka ilipo. Kunyauka ni kupungukiwa maji. Petali ya waridi husimama kwa sababu seli zake hai zimejaa maji. Yakitoka, seli zinalegea na petali inaning'inia. Brakti ya ua hili inapokomaa, sehemu yake ya juu huwa imekwisha kufa. Seli zake zimebaki kuta tupu, ngumu, zenye hewa ndani, na weupe wake ni mwanga unaotawanyika katika hewa hiyo, kama povu lilivyo jeupe ingawa maji na sabuni si vyeupe. Hakuna maji ya kutoka, basi hakuna cha kunyauka. Ua linaonekana lilelile mwaka ujao kwa sababu sehemu unayoitazama ilikuwa imekauka tangu siku lilipofunguka.

Brakti zilizokufa, hata hivyo, bado zinafanya kazi. Mtu mwenye ua kavu la namna hii, hata lile la mapambo linalouzwa madukani, anaweza kujionea mwenyewe: litumbukize kwenye glasi ya maji, kisha subiri. Litajifunga taratibu mpaka liwe kama kitumba. Lianike juani, litafunguka tena. Ua lililochumwa miaka kadhaa iliyopita nalo litafanya hivyo, na hapo uhai hauhusiki. Chini ya kila brakti kuna sehemu inayofanya kazi kama bawaba: tabaka la upande mmoja hufyonza unyevu na kuvimba kuliko la upande wa pili, brakti ikapinda. Ni sababu ileile inayofanya bahasha iliyolowa upande mmoja ijikunje.

Mlimani jambo hili lina faida iliyo wazi. Mvua au ukungu ukija, vigae vinafunga na chavua haiharibiki. Jua likichomoza na hewa ikikauka, vinafungua na wadudu wanaingia. Mmea hautumii nguvu yoyote kwa kazi hiyo, na juu ya mita 4,000 nguvu ni kitu cha kuhesabiwa.

Sasa hali ya hewa yenyewe, maana bila kuielewa mmea huu hauwezi kueleweka. Tumezoea kusikia kwamba milimani kuna baridi, tukadhani ni baridi ile ya Ulaya. Sivyo. Katika Alps, baridi huja kwa miezi. Mmea unajua majira: unalala chini ya theluji, theluji yenyewe inaufunika kama blanketi, na kiangazi kikija unaamka, unachanua upesi, unazaa, unalala tena. Kilimanjaro iko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta. Januari na Julai hazitofautiani sana kwa joto. Tofauti kubwa ni kati ya saa nane mchana na saa kumi alfajiri. Mwanabotania wa Uswidi, Olov Hedberg, aliyeisoma mimea ya milima yetu mirefu katikati ya karne iliyopita, alilieleza hili kwa maneno machache ambayo hayajapata kupitwa: kiangazi kila mchana, kipupwe kila usiku.

Yafikirie maneno hayo kwa upande wa mmea. Hakuna msimu wa kulala, kwa sababu usiku mmoja hautoshi kulala usingizi wa kipupwe. Hakuna theluji ya kudumu ya kuufunika. Kila siku lazima ukue kidogo, na kila usiku lazima uvumilie kuganda. Asubuhi ndiyo ngumu kuliko zote: jua la ikweta linapiga majani saa mbili, majani yanaanza kupoteza maji, na mizizi iko kwenye udongo ambao maji yake bado ni barafu. Mmea unaweza kufa kwa kiu umesimama juu ya maji.

Ndiyo maana majani ya Helichrysum newii yana umbo lile. Ni madogo, yamebanana kwenye tawi, na yamefunikwa nywele nyeupe laini kama sufu. Rangi ile ya fedha si ya jani, ni ya nywele. Nywele hizo zinashika hewa tulivu juu ya jani, upepo usilikaushe, na zinarudisha sehemu ya jua kali lilikotoka. Majani ya zamani yakifa hayadondoki haraka, yanabaki yamelizunguka shina. Ndugu yao mkubwa, seneshio mti wa Kilimanjaro, anayesimama kando ya vijito kama nguzo yenye kichwa cha kabichi, anafanya vivyo hivyo kwa kiwango cha kushangaza: huvaa majani makavu ya miaka mingi kama koti, maji ya ndani ya shina yasigande. Naye ni wa familia ya alizeti. Kule Andes, Amerika Kusini, upande wa pili wa dunia, familia hiyohiyo imetoa mimea mingine, Espeletia, yenye koti lilelile, ingawa haikurithi koti hilo kutoka kwetu wala sisi kwao.

Lakini jambo ambalo lilinifanya niuheshimu mmea huu si majani, ni udongo. Siku tuliyovuka lile Tandiko, uwanda ulio kati ya Kibo na kilele cha pili, Mawenzi, tuliondoka mapema, na ardhi ilikuwa ikivunjika chini ya viatu kama biskuti. Nikainama. Udongo wa juu, pamoja na changarawe, ulikuwa umeinuliwa kutoka mahali pake na sindano za barafu zilizosimama wima, nyingi, nyembamba, zenye urefu wa kama pingili ya kidole. Maji yaliyomo ardhini huganda usiku, yanavuta mengine kutoka chini, sindano inarefuka na kuinua kila kilicho juu yake. Ilipokaribia saa nne tayari zilikuwa zinayeyuka, na changarawe ikadondoka, si palepale ilipokuwa, bali pembeni kidogo.

Hivi ndivyo ardhi ile inavyofanya usiku baada ya usiku palipo na unyevu wa kutosha. Mche wenye mzizi wa sentimeta mbili unainuliwa, mzizi unakatika au unaachwa wazi, na jua la mchana linaumaliza. Ukiona uwanja mtupu kule juu, usifikiri mbegu hazijafika. Mbegu za ua hili zina manyoya, kama zilivyo za ndugu zake wengi, na upepo unazisambaza kila mahali. Kinachokosekana ni ardhi inayotulia.

Kwa hiyo swali la kwa nini mimea ya huko huishi miaka mingi lina jibu lake hapo. Mmea wa mwaka mmoja ungelazimika kuanza upya kila mwaka kwenye ardhi inayong'oa watoto. Hedberg aliona mimea ya aina hiyo ni michache mno katika ukanda huu. Anayefaulu ni yule ambaye mara moja tu, kwa bahati, aliotea nyuma ya jiwe: jiwe linalokinga upepo, linalohifadhi joto la mchana, na ambalo chini yake udongo hauchezi sana. Akishateremsha mzizi mahali pale hapaachi tena. Anakua polepole, anatengeneza shina gumu kama mti, anachanua mwaka huu na ujao na mwaka mwingine, akitupa mbegu nyingi zitakazokufa, akisubiri moja itakayopata jiwe lake. Nilipojua hivyo nilianza kuviona vichaka vile kwa macho mengine. Karibu kila kimoja cha juu, ukikichunguza, kina jiwe ubavuni.

Kuna mmea mmoja uliovunja rekodi. Ndani ya kreta ya Kibo, juu ya mita 5,600, mahali ambapo wastani wa joto la mwaka uko chini ya sifuri, Helichrysum newii imewahi kupatikana ikiota karibu na tundu linalotoa mvuke wa volkano. Mvuke ulifanya kazi ya jiwe na zaidi ya jiwe: ulileta joto, ukaleta na maji. Kibo ni mlima wa moto uliolala, haukufa, na mmea huo ulijua hivyo kwa mizizi. Sifahamu mmea mwingine wenye maua barani Afrika uliofika juu kuliko huo.

Watu wakisikia haya huuliza kuhusu barafu: ikiisha, ua nalo litakwisha? Barafu kweli inaisha. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Ila mimea ya mlima hainywi barafu hiyo, inaishi kwa mvua na ukungu. Hatari iliyo karibu zaidi ni moto.

Chini kidogo ya Horombo, msitu wa mvua unapoishia, kunapaswa kuwa na msitu mwingine, wa mierika, miti yenye majani kama sindano iliyoning'iniziwa nyuzi za ndevu za kijivu. Miti hii huchuja ukungu. Mawingu yanapita katikati ya matawi, maji yananata, yanadondoka ardhini, na hatimaye yanafika kwenye vijito wanavyotumia watu wa chini. Andreas Hemp, aliyeisoma mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi ukame na moto vilivyoushusha mpaka wa juu wa msitu na kuimaliza sehemu kubwa ya mierika. Oktoba 2020 tuliuona moto huo kwenye televisheni, na mwaka 2022 ukarudi.

Mierika ikishaungua mara kwa mara, vichaka vya Helichrysum ndivyo vinavyoshika nafasi yake. Ua lisilonyauka, lililozoea ardhi tupu na jua kali, linateremka. Kwa hiyo mpandaji anayefurahi kuona maua meupe yamejaa bondeni huenda amesimama kwenye kaburi la msitu. Mimi nilifurahi hivyo, siku ya kwanza ya safari, na nikapiga picha.

Siku ya kushuka nilisimama mahali palepale. Ilikuwa baada ya saa saba, ukungu ulikuwa unapanda kutoka upande wa Marangu kama kawaida yake ya mchana. Safari hii niliona nilichokuwa nimekipita: vigogo vyeusi vya mierika vimesimama kati ya maua, bila tawi hata moja. Ukungu ulifika, ukalowesha mikono yetu na mizigo ya wapagazi. Brakti zikaanza kujikunja, moja baada ya nyingine, mpaka bonde zima la maua meupe likawa la vitumba. Ukungu haukupata pa kunasa. Ulipita juu ya vigogo, ukaendelea na safari yake kuelekea Mawenzi.